Mashati Mawili ya Babu Thady

Jumla ni pauni mia nane arobaini na mbili. Nimehesabu mara mbili, mara ya pili nikiwa na miwani. Hizo ni za chakula, vitanda, mabasi, na teksi moja ambayo mpaka leo naamini ilizunguka mtaa uleule mara mbili. Tikiti za ndege hazimo. Alilipa Mama Noreen, na bei hakunitajia, akijua ningempigia wakala simu nikaanza kumbana. Hazimo pia siku kumi na mbili ambazo meza yangu ililala chini ya turubai, wala chupa ya achari ya embe ya mke wangu, ambayo thamani yake anaijua mwenyewe na ananikumbusha.

Mliniuliza Stanmore kwenye ile harusi, mkaniuliza tena kwenye simu: ilikuwaje Salehe muuza masanduku akafunga safari mpaka Tasmania, chini kabisa ya Australia, na bibi wa Kiairishi, kumtafuta mwizi? Kila mmoja nilimpa kipande, na sasa nasikia vipande vinazunguka vikiwa na mikia. Hamisi wa Tooting anasema nilikamatwa na mbwa. Mbwa alikuwapo, ila hakunikamata yeye. Basi naandika mara moja hapa kundini, wote msome.

Barking: meza mbili

Mama Noreen ana miaka sabini na tisa. Kwa miaka kumi na moja meza yake ilikuwa ubavuni mwa yangu pale sokoni Barking, London, yeye akiuza vifungo, nyuzi na zipu, mimi masanduku. Ijumaa nikienda kuswali alinishikia meza, na mara nyingi nilirudi nikakuta ameuza sanduku kwa bei ambayo mimi ningeona haya kuitamka. Akienda chooni au kunywa chai, nami nilimshikia ya kwake. Vifungo siviwezi. Mteja anataka vinane vinavyofanana, nami naona vyote vimefanana.

Siku moja mwaka jana alikuja sokoni bila mzigo. Daktari alikuwa amempa habari za moyo wake.

"Sali," akaniambia, maana Salehe limemshinda tangu siku ya kwanza, "wewe unajua viwanja vya ndege?"

"Kuliko marubani."

"Basi nipeleke Hobart."

Nikadhani ni mtaa wa Essex. Akanieleza kuwa ni mji wa Tasmania. Babu wa babu yake, Thady, alikuwa kibarua kijijini kusini mwa Ireland, upande wa Cork. Mwaka wa njaa aliiba mashati mawili yaliyoanikwa juu ya ua wa tajiri mmoja. Hakimu akampa miaka saba ng'ambo. Walimpandisha meli ya wafungwa mpaka huko Hobart, akamwacha mkewe Bridie na mtoto wa miezi michache. Hakurudi tena.

Nilipiga hesabu palepale. "Miaka mitatu na nusu kwa shati?"

"Na moja lilikuwa limetoboka kiwiko," akasema. "Limeandikwa kwenye hukumu."

Kwao jina la Thady halikutajwa. Mama yake Noreen, kila mtoto alipouliza, alijibu maneno yaliyoachwa na Bridie: babu yenu alikuwa mwizi, akapata mke kijana huko alikopelekwa, akatusahau. Kwisha. Noreen alikuja London akiwa na miaka kumi na tisa na maneno hayo kichwani, na hakuyaamini wala hakuweza kuyakanusha.

"Nataka kujua jambo moja tu kabla moyo haujafunga duka," akaniambia. "Alitusahau, au hakutusahau? Kama alitusahau, nitamtukana palepale alipozikwa, na matusi ninayo. Kama hakutusahau, nina zawadi yake."

Binti yake alikataa kumpeleka. Alisema ni upuuzi wa kizee. Mimi nilikataa pia, kwa dakika kama kumi, ili tupatane vizuri. Tukaafikiana: yeye nauli, mimi chakula na malazi, kisha tukirudi tugawane hizo zangu.

Kuondoka, na kile kiti cha magurudumu

Mama Noreen anatembea vizuri tu, na fimbo yake huitumia zaidi kuonyeshea vitu. Hata hivyo nilimwombea kiti cha magurudumu. Miaka yote hii nimewaambia wateja wangu: aliye na mzee, aombe kiti. Mwenye kiti hapangi foleni, wala anayemsindikiza.

"Mimi si mgonjwa," akalalamika.

"Si ugonjwa, Mama. Ni usafiri."

Masanduku niliyapanga mwenyewe na kuyapima kwa mzani wangu wa mkononi. La kwake kilo kumi na nane na nusu, la kwangu ishirini na mbili na gramu mia nane, maana mke wangu alitia visheti, tangawizi, na ile achari. Mama Noreen akaniomba nimtilie kwangu kopo moja la bati la majani ya chai, lililofungwa kwa utepe.

"Hii chai mbona nzito?" nikamuuliza.

"Chai ya Kiairishi ni kali."

Niliridhika. Hapo, ndugu zangu, ndipo mtu anayehesabu kila kitu mara mbili aliposahau kufungua kitu hata mara moja.

Doha: saa saba za kungoja

Ndege ya pili ilichelewa. Wakasema saa moja, halafu tatu, halafu wakaacha kusema. Kila abiria akapewa vocha mbili za chakula, nasi tukatumia moja moja. Nilizunguka vibanda vyote kabla ya kuitumia, nikagundua kuwa kwa vocha ileile kibanda cha mwisho kinatoa wali na kuku, wakati cha kwanza kinatoa mkate wenye jani moja. Mama Noreen alisema hajawahi kuona mtu akitafuta wali kwa bidii ya mpelelezi.

Aliyekuwa akimsukuma ni kijana wa Kikenya aitwaye Wekesa, kutoka Bungoma. Alinisikia nikinong'ona bei kwa Kiswahili, akageuka na kiti chenyewe.

"Aki boss, wewe ni wa Tanga? Na huyu shosho ni wako?"

"Si bibi yangu, ni jirani wa sokoni."

"Jirani?" Akamtazama Noreen, akanitazama mimi. "Boss, usinidanganye. Hakuna mtu anapeleka jirani Australia. Huyu ni mama mkwe."

Nilimtafsiria Mama Noreen. Akacheka mpaka akakohoa, akamwambia Wekesa kwa Kiingereza kwamba angekuwa na mkwe kama mimi angekuwa amenirudisha dukani zamani na risiti yangu.

Tulikaa na Wekesa muda wa kutosha, maana bosi wake hakuwa na abiria mwingine wa kumpa. Ana miaka minne pale. Kila siku anasukuma watu mpaka mlango wa ndege ya Nairobi, anawafungia mkanda, anawatakia safari njema, anarudi na kiti kitupu.

"Wewe utaenda lini?" nikamuuliza.

"Mkataba ukiisha. Ama nikipata tiketi." Akacheka. "Mimi najua hiyo geti kuliko nyumba yetu, boss."

Nilimpa visheti viganja viwili. Alitaka kumwekea mama yake baadhi, akakumbuka, akala vyote.

Melbourne: kopo la chai

Kabla ya kutua unajaza karatasi. Wanauliza: una chakula? Una mimea? Una udongo? Mimi nina jibu langu moja nililowafundisha wateja kwa miaka mingi. Ukiulizwa una nini sandukuni, sema nguo tu. Nikaweka hapana kila mahali, haraka haraka, karatasi yangu na ya Mama Noreen, ambaye alikuwa amesinzia.

Nchi ile, ndugu zangu, haina utani na chakula. Palikuwa na mbwa mdogo mwenye masikio marefu, amevaa koti la kazi. Alipita abiria mia, akaja akaketi mbele ya sanduku langu kwa adabu kabisa, kama anayesubiri kukaribishwa.

Ofisa alikuwa Mhindi wa Fiji, ndevu zimechanwa vizuri, hana haraka. Akatoa achari. Akatoa tangawizi. Akatoa visheti, akavirudisha. Akatoa kopo.

"Hii nini?"

"Chai," nikasema.

Akafungua. Ulikuwa udongo. Udongo mweusi wenye mizizi midogo, na mnyoo mmoja aliyekuwa amesafiri kutoka Ireland mpaka Barking mpaka Doha bila kulipa.

Nilimtazama Mama Noreen. Mama Noreen akatazama dari.

"Bwana," ofisa akaniambia, "umeandika hapana mara tano. Kuna faini hapa."

"Tuseme shilingi ngapi, ndugu yangu?" Ndivyo nilivyosema, sitaki kuwadanganya. Ulimi ulikuwa bado uko sokoni. "Mimi mtu wa safari, nipunguzie."

Ofisa aliweka kalamu chini. "Unaniomba nipunguze faini ya serikali?"

"Kidogo tu."

Nadhani ningelala mahali pabaya kama Mama Noreen asingesimama kutoka kwenye kile kiti. Alisimama wima kabisa, abiria wawili wakashangaa muujiza, akasema kwa sauti: "Kopo ni langu. Yeye hakujua. Huyu anaweza kujua bei ya kila kitu duniani, lakini kopo hilo hakujua."

Akaeleza yote: Thady, mashati, kijiji. Udongo alitumiwa na binamu yake, umechotwa kwenye ua wa nyumba aliyozaliwa Thady. Ndiyo zawadi yenyewe. Alitaka kumwagia kaburi lake, ikiwa atastahili.

Ofisa alisikiliza mpaka mwisho. "Babu zangu nao walipelekwa Fiji kwa meli," akasema. "Kukata miwa. Mama, nakuelewa. Lakini udongo hauingii. Hata wa mtume."

Faini aliiacha, akaandika onyo. Achari ikaenda kwenye pipa, tangawizi ikaifuata. Udongo ukaingia kwenye mfuko wa plastiki mwekundu, mfuko ukafungwa, na hapo Mama Noreen akashika ukingo wa meza. Mimi nilimwomba ofisa angalau kopo. Alikwenda nalo ndani, akarudi nalo baada ya nusu saa limeoshwa kwa dawa, safi kuliko siku lilipotoka kiwandani.

"Walimkamata kwa mashati," Mama Noreen akasema tukitoka nje, amelipakata kopo tupu. "Mimi wamenikamata kwa uchafu. Ukoo wetu hauna bahati na vitu vya bei rahisi."

Hobart: mistari kumi na mmoja

Kutoka Melbourne ni ndege ndogo ya saa moja na kitu. Kulikuwa na mbwa mwingine, tukapita mbele yake kama malaika.

Hobart ni mji mdogo unaoteremka mpaka majini, na nyuma yake mlima. Baridi yake si ya London ile ya kunyatia. Hii inakuja moja kwa moja kukusalimia. Tulikodi vyumba viwili kwa mjane mmoja aliyetupikia uji wa shayiri kila asubuhi na kunitoza maziwa mbali. Nilimwuliza kama uji usio na maziwa una bei yake. Tukaelewana.

Siku ya pili tulikwenda kwenye nyumba ya kumbukumbu wanakotunza madaftari ya wafungwa. Aliyetupokea ni mama wa makamo aitwaye Glenys, anajitolea pale siku tatu kwa wiki, miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Madaftari yale yanashangaza. Kila mfungwa ameandikwa kama ng'ombe wa mnada: urefu, rangi ya macho, kovu, meno. Thady alikuwa mfupi kuliko mimi, macho ya kijivu, kidole kidogo cha mkono wa kushoto kimepinda.

Mama Noreen alinyoosha mkono wake wa kushoto juu ya meza. Kidole kidogo kimepinda. Miaka kumi na moja nilidhani ni mlango wa gari.

Halafu Glenys akafika kwenye makosa. Maandishi ni ya kizamani, yamebanana, mistari inapandana. Akawa anayapitia kwa kidole kwenye kioo cha kompyuta.

"Kosa, siku kumi gerezani. Kosa, kusaga kwa kinu cha kukanyaga kwa miguu. Kosa, chumba cha giza, mkate na maji. Kosa tena. Na tena." Akahesabu chini chini. "Kumi na moja."

"Kumi na moja," Mama Noreen akarudia.

"Wapo waliokuwa na zaidi," Glenys akasema kwa upole, na upole huo ndio uliomaliza kazi.

Mama Noreen akafunga mkoba wake. "Mama alikuwa sahihi. Mwizi ni mwizi. Sali, twende tukanywe chai, kesho utafute ndege."

"Makosa gani?" nikauliza.

"Kumi na moja, umesikia."

"Idadi nimesikia. Nauliza ya nini."

"Kuna haja?" Akatoka nje na fimbo yake, akaketi kwenye benchi akiwa ameupa mlango mgongo.

Sasa mimi, mnanijua. Mtu akiniletea mzigo wa masanduku kumi na mawili, nahesabu, kisha nafungua kila moja, maana nimewahi kununua kumi na mawili nikakuta matatu hayana magurudumu. Nikamwomba Glenys turudie, polepole, mstari kwa mstari, sababu yake kwanza na adhabu baadaye. Alikuwa na kazi nyingine. Nikampa visheti. Vile vilivyopita mbele ya mbwa.

Nikageuza risiti ya uji, nikaandika nyuma yake. La kwanza: hakuwepo kwenye hesabu ya wafungwa Jumapili, amekutwa gatini. La pili: ulevi. La tatu: hakuwepo Jumapili, amekutwa gatini. La nne: amekutwa gatini. La tano: amemjibu msimamizi kwa jeuri. La sita: gatini. Kuanzia hapo Glenys akaacha kusoma neno zima, akawa ananitazama tu na kutikisa kichwa, nami naandika.

Tisa. Tulihesabu mara mbili, tukabadilishana, mimi nikisoma yeye akiandika. Kati ya kumi na moja, tisa ni kosa lilelile. Na wizi? Hakuna hata mmoja. Mtu wa watu tangu yale mashati hakugusa cha mtu.

"Alikuwa anataka kutoroka na meli?" nikamuuliza Glenys.

"Wangeandika hivyo. Hawa walikuwa wanaandika kila kitu." Akasogea karibu na kioo. "Hapa karani ameandika: amesimama akitazama meli."

Niliacha kuandika. Glenys alidhani sijaelewa Kiingereza, akarudia.

Nilimwuliza swali la mwisho, la kibiashara. Miaka saba ilipokwisha, nani alimlipia kurudi?

"Hakuna," akasema. "Serikali ililipa ya kuja. Ya kurudi, kila mtu na mfuko wake. Kibarua angefanya kazi miaka na miaka, na bado wengi hawakuipata."

Akatafuta tena, daftari jingine, la hospitali ya maskini. Thady aliishi miaka kumi na tisa baada ya kuachiwa huru. Kazi: mchukuzi wa mizigo, gatini. Ndoa: ameoa. Mke: yuko Ireland. Kaburi hakuna, waliozikwa na hospitali ile walizikwa bila alama, na pale leo ni uwanja wa kuchezea.

Gatini

Sikumwambia pale kwenye benchi. Nilimwambia tu, "Mama, chai tutakunywa chini, karibu na maji." Ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu, teksi ile niliyoitaja ikatumia ishirini.

Tulikaa ukingoni na mikate ya moto iliyojazwa chaza, chakula cha kule. Ni mitamu, ila inataka achari. Ndipo nikampa risiti. Aliisoma upande wa uji kwanza, akaniambia maziwa nimedhulumiwa, kisha akageuza.

Alisoma polepole. Nilimweleza kila mstari, na Jumapili, na karani, na miaka kumi na tisa ya kubeba mizigo ya watu wanaopanda meli ya kurudi kwao. Nikamweleza na neno la mwisho la hospitali: mke yuko Ireland.

"Ameoa," akasema. "Kwa hiyo alimwambia karani ameoa. Mpaka mwisho."

"Imeandikwa."

"Na yule mke kijana?"

"Hayupo. Tumetafuta mara mbili."

Hakulia sana. Alifungua mkoba akatoa kopo, akalitazama ndani kana kwamba labda ofisa amesahau punje. Kisha akatoa vifungo viwili vya shati, vyeupe, vya matundu manne. Huyu mama hatembei bila vifungo. Akainama, akavisukuma kimoja kimoja kwenye ufa kati ya mbao za gati.

"Thady," akaziambia mbao, "Bridie alikungoja. Alisema umesahau ili watoto waache kuuliza. Sasa unajua, na mimi najua."

Tukala. Baadaye akanigeukia. "Wewe ulijuaje kuuliza? Glenys msomi hakuuliza."

Nikamwambia jambo ambalo hata ninyi baadhi yenu hamlijui. Miaka yangu tisa ya kwanza London sikuwa na karatasi. Jumapili zangu nilikuwa napanda treni mpaka Heathrow, nasimama karibu na kaunta za ndege za kwetu. Sina safari, sina wa kumpokea. Nasikia watu wakigombana kwa Kiswahili juu ya kilo. Mama wa Kipemba amezidisha mzigo, anatoa sufuria sakafuni. Nikawa nawasaidia kupanga upya, nikaanza kuwauzia kamba, halafu mikoba, halafu masanduku. Biashara yote mnayoniona nayo ilianzia hapo. Polisi walinihoji mara mbili. Niliwajibu nasubiri mtu.

"Ulikuwa unasubiri nani?"

"Niliwaambia tu."

Mama Noreen akafuta mikono. "Na karatasi sasa unazo."

"Mwaka wa sita huu."

"Umekwenda?"

"Meza, Mama. Nani atakaa?"

"Nilikaa mimi, kila Ijumaa, miaka kumi na moja. Kwa nini huendi, Sali?"

Nikamwambia nauli. Nauli imepanda, watoto wanasoma. Ni uongo, na yeye ni mfanyabiashara, anajua anayesema hana pesa na anayezishika mfukoni. Sikumwambia kwamba mama yangu alizikwa Tanga nikiwa bado sina karatasi, na kwamba kaka yangu Mbwana tangu siku ile hapokei simu yangu. Kwa watu alisema: Salehe amepata London, amesahau. Sikumwambia, naye akasema mkate wangu uliobaki unapoa.

Barking tena

Kurudi hakukuwa na vituko. Doha nilimtafuta Wekesa, nikaambiwa yuko zamu nyingine. Nilimwachia mwenzake vocha mbili ambazo hazikutumika na maelekezo ya kibanda cha wali.

Nyumbani nilikaa siku tatu, nikapanga risiti, nikampelekea Mama Noreen hesabu iliyonyooka. Jumla mia nane arobaini na mbili, nusu yake mia nne ishirini na moja, kama tulivyopatana. Kopo lile ameliweka dirishani na ameotesha kitunguu cha majani kwa udongo wa Barking. Alisoma hesabu yangu, akasema ile teksi angebishana nayo, akaniambia nipite Jumamosi.

Jumamosi alinipa bahasha. Niliihesabu mbele yake, naye hakuchukia, ananijua. Nikahesabu tena.

"Mama, umezidisha. Hizi ni mia nane arobaini na mbili. Nakudai nusu."

"Nusu ni yako, ya kwenda," akasema. "Nusu ya pili ni ya kurudi. Nimemwuliza binti yako Rukia bei, ametafuta kwenye simu yake. Zinatosha London mpaka Dar na kurudi, na basi la Tanga juu yake. Yule mzee wetu walimlipia upande mmoja tu."

"Sizichukui."

"Basi ulisema uongo kule gatini. Hukosi nauli."

Niliondoka na bahasha, maana kuirudisha kungekuwa kukiri uongo. Iko kwenye sanduku dogo jeusi, mfuko wa ndani wenye zipu, wiki ya tatu leo. Rukia ananiuliza kwa Kiingereza kila asubuhi, "Dad, when?" Mke wangu haulizi, ameanza kutengeneza achari, chupa mbili.

Basi nimewasimulia yote, nanyi nishaurini, hasa nyinyi mnaotoka Tanga na mnaomjua Mbwana. Nikifika mlangoni asinifungulie, nina la kumwonyesha? Mimi sina daftari lenye Jumapili zangu. Hakuna karani aliyeandika kwamba nilikutwa nimesimama. Nizirudishe hizi pesa nibaki nadaiwa na Mbwana maneno tu, au nipande? Msinijibu kwenye kundi, nipigieni. Na yeyote kati yenu aliyewahi kuniona Heathrow siku zile, tafadhali, ajitokeze amwambie kaka yangu.